Seti ya Pili

Kilosa, Aprili

Jovin mwanangu,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Goti langu limepona, na mpunga wetu wa Tindiga umechanua.

Jumapili kikundi chetu cha uokoaji kilikaa kuamua: tununue vifaa vya kuzamia au tuendelee kukodi? Abubakari, mwenyekiti, alitaka tukodi. Nikamkatiza: "Jirani yetu Limi alipozama hapa mtoni, mitungi ya hewa ya kukodi ilikuwa bado Dar! Tulikodi vifaa vya kuopolea maiti!"

"Mama Filipo, hapa si kwenye gazeti unaloandikia. Punguza moto," akasema. Watu wakacheka. Sikupunguza. Nilisema mpaka mikono yote ikanyooka: tununue.

Ndipo akauliza, kwa upole, nani atavivaa. Filipo wangu akasimama. Ni yeye tu uliyemfundisha kuzamia kule Tanga.

Jovin, maji ya huku ni matope, hata mkono wako mwenyewe huuoni. Nilianza kukuandikia nikikuomba uwaambie kukodi ni bora, maana wewe mtaalamu wangekusikiliza. Karatasi ile nimeichana. Nilichosema mkutanoni ni kweli, hata kama mwanangu ndiye atakayeshuka.

Lakini wewe uliniambia mzamiaji hashuki peke yake. Jana nimewarudia, wamekubali seti mbili, kuanzia mitungi hadi viatu. Nilipouliza nani atavaa ya pili, kila mtu alitazama miguu yake.

Mvua kubwa imeanza. Niandikie saizi ya kiatu chako.

Shangazi yako anayekusubiri,
Agnesi