Ngozi iliyobaki ku shuka

Muhumba, siku ya mardi

Nina hasira sana. Leo ku hospitali dokta aliuliza kama kuna mutu wa familia ambaye dawa iliwahi kumutoa ngozi, kama inavyomufanya dada yangu Furaha. Tonton, mujomba wetu, akajibu, « Hapana, hakuna. »

Na mama je? Alimeza vidonge vile vile vya malaria kama Furaha, akatokwa na malengelenge mpaka mu kinywa, ngozi ikabaki ku shuka, akakufa. Tonton akasema ni sumu. Tante, shangazi yetu aliyemupikia, akafukuzwa mpaka ku kisiwa cha Idjwi.

Nikamuambia dokta yote. Akasema mwili kukataa dawa hivyo kunaweza kupita mu damu, toka kwa mama mpaka kwa mutoto.

Tonton hakumusikiliza. Aliniangalia mimi, akauliza polepole, « Furaha alikula kwa nani jana? »

Alikula kwangu.