Ripoti Yangu ya Silinda ni ya Kweli, Mbona Mke Wangu Hanisemeshi?

Mpendwa mshauri wetu, Mama Kaliza,

Naomba msaada wako, tena naomba unijibu upesi, maana kamati ya kiwanda inakaa tarehe 24 mwezi huu wa Juni, na nyumbani kwangu hapa Gikondo mke wangu Vestine ananiwekea chakula mezani kisha anakwenda kula jikoni na watoto kana kwamba mimi ni mpangaji, na mimi sijaiba, sijalewa, sina mwanamke wa nje, kosa langu ni kwamba nina vitabu.

Mimi ni fundi mkuu katika kiwanda cha sabuni, nina miaka kumi na minne kazini, na nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya karakana yetu, hata tukigombana tunagombana kwa Kiswahili. Mashine zetu za kugonga sabuni zinaendeshwa na hewa: kompresa inasukuma hewa ndani ya silinda, pistoni inashuka, bamba la chuma linagonga kipande cha sabuni na kuacha jina la kiwanda juu yake. Silinda hizo si za kuchezea, kila moja ina kipenyo chake, shinikizo lake na nguvu yake, na mambo hayo yote yameandikwa katika vitabu viwili, kimoja kinene cha kubuni mashine, kingine ni faili la viwango vya silinda za hewa, vyote kwa Kifaransa na vimejaa majedwali. Nilipewa na injinia Mbelgiji aliyekuwa mkubwa wangu. Oktoba 1990, vita vilipoanza, alifunga sanduku moja tu, na mimi ndiye niliyempeleka Kanombe kupanda ndege, akanikabidhi vitabu ndani ya gari akasema, "Hivi ni vya karakana," hakusema ni vya nani hasa katika karakana, nami ndiye niliyekuwepo.

Sasa sikia mateso yangu. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa mwema, kila aliyeomba nilimpa. Eustache wa umeme alikaa na kitabu kinene miezi mitatu, kikarudi kinanuka sambaza, vile visamaki vya ziwani, na jedwali la bolti halipo, na nilipomuuliza ukurasa wa 212 uko wapi akanijibu, "Muzee, si kurasa zingine ziko?" Mwingine alikitumia kuwekea sufuria ya moto, alama ya duara iko kwenye jalada mpaka leo. Basi nikavifungia kabatini, nikatia kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni, lakini wapi, kila siku ni muzee naomba jedwali, muzee naomba dakika tano, muzee ile faili, nimechoka mama, nimechoka kabisa. Na nikuambie ukweli ambao sijamwambia mtu: siku kila fundi atakapojua kilichoandikwa mle ndani, fundi mkuu atakuwa wa nini?

Mwezi uliopita silinda ya mashine namba mbili ilichakaa ikawa inavuja hewa, na mpya iliyoletwa haikuwa saizi ileile, ya zamani ilikuwa na kipenyo cha milimita 80, mpya ina 100. Kazi ya kuifunga alipewa Habimana, fundi mwenzangu, mtu mzima mwenye watoto wanne. Ijumaa asubuhi alinikuta nakunywa chai.

"Muzee, hii silinda mupya iko mukubwa. Nipe ile faili niangalie hewa niipunguze mpaka wapi."

"Macho yako yana kazi gani?" nikamwambia.

"Macho haiwezi kuona nguvu, muzee."

"Basi rudi shule."

Akanitazama kidogo, akaenda. Akaifunga silinda, hewa akaiacha kama ilivyokuwa.

Wewe si fundi, kwa hiyo nikueleze: milimita ishirini zinaonekana kidogo, lakini kwa hewa ileile nguvu inaongezeka kwa zaidi ya nusu, mashine iliyokuwa inagonga kwa kilo mia tatu sasa inagonga kwa karibu mia tano. Jedwali lingemwambia kwa mstari mmoja ashushe hewa kwenye geji kutoka sita hadi chini kidogo ya nne, ni kuzungusha kifungo kimoja, nusu dakika tu. Jumanne, saa nne asubuhi, kishikizo cha silinda kikapasuka, bamba likashuka upande upande, likambana mkono Gaudiose, mama anayepanga sabuni kwenye mashine hiyo. Mimi ndiye niliyekimbia kufunga hewa. Gaudiose hakulia. Aliuliza kiatu chake kimoja kiko wapi. Hospitali walimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. (Faili hilohilo linasema pia kwamba mashine ya kugonga isishuke mpaka mikono yote miwili ya mfanyakazi iwe inabonyeza vibonye viwili, kila mkono na chake, lakini zetu zinaendeshwa kwa pedali ya mguu tangu ziletwe, ukurasa huo niliusoma mwaka juzi na hakuna aliyeniuliza.)

Bwana Direkta akaniagiza niandike ripoti. Nikaandika: "Fundi Habimana alibadilisha silinda bila kufuata viwango." Kila neno hapo ni kweli. Habimana amesimamishwa kazi akisubiri kamati, na mpaka leo hajasema lolote juu yangu, jambo ambalo nalo linaniudhi, kama ana neno si aliseme. Vestine aliikuta nakala ya ripoti mezani, akaisoma akiwa amesimama, akaniuliza, "Papa Achille, hivyo viwango, Habimana alikuwa avitoe wapi?" Nikamjibu kwamba mambo ya kiufundi hayamhusu. Tangu siku hiyo ndiyo hali niliyokueleza.

Naomba unishauri, nifanye nini ili mke wangu aelewe kwamba ripoti ya kiufundi ni ripoti ya kiufundi, na pia nitawanyimaje watu vitabu bila kuonekana mchoyo, maana hata baada ya ajali hii wamekuja wawili kuniomba lile faili.

Ni mimi,
Fundi Mwenye Vitabu, Gikondo


MAMA KALIZA ANAJIBU

Fundi,

Niliisoma barua yako nikaiweka chini, nikatoka nje kupunga hewa, nikarudi kuisoma tena nikidhani labda nimeruka mahali ulipoeleza hali ya Gaudiose. Sikuruka kitu. Mwanamke amepoteza vidole viwili vya mkono anaolia chakula na kubebea mtoto, wewe umempa mistari mitatu. Sufuria iliyounguza jalada lako imepata nafasi yake vizuri.

Umeniomba nimfanye mkeo aelewe. Mkeo ameelewa. Ameelewa kwa kusoma mara moja, akiwa amesimama, akakuuliza swali moja, na ukalikimbia. Mimi si fundi, mashine ninayoijua ni cherehani, lakini swali la Vestine naliweza hata mimi: viwango vilikuwa kifuani pako, vimening'inia kwenye uzi. Habimana alikuja kuvifuata kabla ya kushika spana. Hakuja amechelewa, hakuja kwa kiburi, alikuja kama fundi anavyotakiwa kuja. Ukamwambia arudi shule. Kisha ukachukua kalamu ukaandika kwamba hakufuata viwango. Unaniambia kila neno ni kweli? Bwana wewe, ungeandika uongo mtupu ningekuona afadhali, kwa sababu uongo mtu anaweza kuupinga. Hiyo kweli yako ya nusu Habimana ataipinga kwa kitu gani?

Halafu kuna yale mabano. Watu wanaoniandikia wana tabia hiyo: jambo dogo wanalipa kurasa mbili, jambo kubwa wanalitia kwenye mabano wakitumaini nitalipita. Sikulipita. Mwaka juzi ulisoma kwamba mashine ile haitakiwi kushuka mpaka mikono yote miwili iwe mbali na bamba. Ulijua. Kila asubuhi ulipita nyuma ya wanawake wale ukiwaona wanaingiza mikono chini ya chuma na kukanyaga pedali, nawe unajua. Eti hakuna aliyekuuliza! Wangeulizaje kitu wasichojua kipo? Silinda ilikuwa kosa la Ijumaa moja. Hili ni kosa la miaka miwili, na halina Habimana ndani yake.

Nakuhurumia, usidhani sikuhurumii. Mtu akikurudishia kitabu kimechanwa, unaudhika, ni haki yako. Na hofu yako ya kuonekana huna kazi naielewa, siku hizi hapa Kigali nani hana hofu ya kazi yake? Lakini usiyaite hayo mateso. Mateso yako kwenye kile kitanda cha hospitali.

Sasa sikiliza, na usiniandikie tena kabla hujayafanya haya. Usingoje tarehe 24. Kesho asubuhi fungua kabati, chukua lile faili, nenda nalo kwa Direkta ukamwombe akurudishie ile ripoti yako. Andika nyingine. Andika kwamba Habimana aliomba jedwali Ijumaa saa fulani, na kwamba wewe ulimnyima, kwa jina lako, bila "ilitokea kwamba" na bila "kwa bahati mbaya". Andika habari ya vibonye viwili na mwaka ulioisoma. Direkta akikuuliza kwa nini hukusema mapema, usimtafutie sababu, mwambie hukusema. Ukitoka hapo, mwombe asimamishe mashine zote za pedali siku hiyohiyo, na kama anasita mfungulie ukurasa mbele yake umsomee.

Majedwali yale mnayoyatumia kila siku yanakili kwa mkono wako, kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili na Kinyarwanda, uyabandike kwenye ukuta wa karakana ambapo hayahitaji ufunguo. Hakikisha Gaudiose ameandikishwa kwamba aliumia kazini, na wewe ndiye shahidi. Kisha nenda nyumbani kwake. Usiende na mkono mtupu, lakini pia usidhani kilo ya sukari itasema kwa niaba yako. Mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, mambo yote mawili: la Ijumaa na la mabano. Atakachokujibu ni chake.

Kuhusu kuwanyima watu vitabu bila kuonekana mchoyo: haiwezekani, kwa sababu ndivyo ulivyo. Acha.

Mama Kaliza


BARUA ILIYOTUFIKIA MWEZI AGOSTI

Mama Kaliza,

Nilikukasirikia siku mbili, siku ya tatu nikaenda. Direkta aliisoma ripoti ya pili, akavua miwani, akaniuliza, "Unajua unajifanyia nini?" Nikamwambia najua. Aliniuliza pia kwa nini sikusema habari ya vibonye, nikakumbuka ulivyonionya, nikajibu kwamba sikusema. Mashine zilisimama siku sita. Habimana alirudishwa kazini. Mimi si fundi mkuu tena, wamemweka Sibomana kutoka idara ya mvuke, na sidai kwamba haikuniuma.

Pedali zote tumezing'oa. Tulifunga vibonye mimi na Habimana, siku nne tukiwa wawili, na hatukuzungumza kitu isipokuwa leta spana, shika waya, hewa imefungwa? Siku ya mwisho alijaribu mashine mara ishirini kwa mikono miwili, akasema, "Iko sawa," nami sikujua anaisema mashine au nini, sikuuliza.

Gaudiose anaishi Busanza, unashuka Kanombe kisha unatembea. Jumapili ya kwanza nilimkuta ameketi mlangoni anachambua maharage kwa mkono wa kushoto. Nilimwambia yote mawili. Mumewe aliinuka akaingia ndani, nadhani alihofia mikono yake mwenyewe. Gaudiose akaniuliza, "Huo ukurasa una maneno mengi?" Nikamwambia ni mistari minne. Akaendelea na maharage muda mrefu.

Halafu akasema, "Leo sikusamehe. Rudi Jumapili ijayo, labda nitakuwa nimekusamehe. Na ukirudi, njoo mapema, kuna kuni za kupasua, mimi siwezi kushika shoka."

Nimekwenda Jumapili saba. Kila nikimaliza kuni namuuliza, naye ananiambia bado. Vestine alifuatana nami mara ya mwisho, wakakaa wawili wakizungumza mambo yao, mimi nikiwa uani na shoka.

Kesho ni Jumapili. Basi la kwanza la Kanombe linaondoka saa kumi na mbili na nusu.