Amepumzika, Yuko Likizo, Imefungwa

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Kaa chini kwanza, maana nina habari. Leo mashine ya kukausha ndengu pale kiwandani Mutomo imeanza kuongea Kiswahili, na maneno yake ni yangu mimi, binti yako uliyekuwa ukimwambia ana maneno mengi kuliko redio! Fundi alileta programu yote ikiwa ya Kiingereza, meneja akanikabidhi kazi ya kuitafsiri, kisha akanipa cheo cha msimamizi. Sasa mimi ndiye ninayeamua nani atazame tu, nani awashe na kuzima, nani abadilishe joto. Mama, niliruka!

Unakumbuka jioni uliyorudi nyumbani ukicheka hata kabla ya kuvua leso? Kiwanda kilikuwa kimemfungulia kila mwendeshaji akaunti yake. "Leo mashine imeniuliza mimi ni nani," ulituambia. "Tangu niolewe hakuna mtu ameniuliza hivyo. Wote ni Mama Ndinda, Mama Ndinda." Ukaiandikia: Mbithe. Tangu siku hiyo hukumpa mtu nywila yako. Hata mimi, nilipoajiriwa palepale nikakuomba uniazime, ulinikata jicho. "Ati nikupe jina langu? Ngoja upate lako." Nilinuna, nawe ukaniacha ninune.

Tafsiri yenyewe haikuwa mteremko. "Mtumiaji" lilikuja haraka, "ruhusa" pia. Lakini kuna neno la kuonyesha kwamba akaunti haitumiki kwa sasa, nami kwa ujuaji wangu nikaandika "Amepumzika". Sasa Kalunde, yule rafiki yako wa zamu, alikuwa ameenda likizo kwao Kambu. Leo asubuhi, kabla ya zamu, wenzake wanawasha skrini kuijaribu, wanakutana na haya: Kalunde, Amepumzika. Wee! Mmoja alivua kofia. Mwingine akaanza kuuliza mazishi ni lini, na mwenye mdomo mwepesi akapiga simu kwao kutoa pole. Simu hiyo ilipokelewa na marehemu mwenyewe, naye akanipigia mimi.

"Ndinda! Ni nani amesema nimekufa? Mimi niko hapa nakula chapati!"

"Pole, anti. Ni mashine tu."

"Basi iambie niko likizo, si mbinguni!"

Tulicheka mpaka meneja akatoka ofisini kuona kuna nini. Nikabadilisha, nikaandika "Yuko likizo".

Kicheko kilikuwa bado mdomoni nilipolikuta jina lako chini ya lake. Mbithe, Mwendeshaji. Inatumika. Tangu tukuzike, hakuna aliyekumbuka kuifunga akaunti yako. Nilitaka kuiacha hivyohivyo, uendelee kuwa mfanyakazi kama wengine, lakini fundi akanieleza hatari yake: mtu akiibahatisha nywila yako halafu aunguze ndengu za wakulima, skrini itasema aliyeunguza ni wewe. Wewe! Nilikasirika kana kwamba ameshaunguza.

Kulikuwa na vitufe viwili. "Futa" kingekuondoa wewe na jina lako kwenye kila ulichowahi kufanya. "Funga" kingemzuia yeyote kuingia kwa jina lako, na kazi yako ingebaki yako. Maneno hayo niliyaandika mwenyewe, nikiwa nakunywa chai, bila kufikiria kwamba siku moja yatakuhusu wewe. Nikabonyeza "Funga". Jina lako likageuka kijivu. Nililia kidogo, sikufichi, kisha nikapangusa uso kwa sababu zamu ilikuwa inaanza na watu walitaka kuona Kiswahili changu.

Walikielewa, mama! Wote! Hakuna aliyeniita kuuliza kitu.

Walipokwisha kuwasha, nilikwenda kuangalia joto la kikaushio. Ni lile uliloliweka wewe, na kando yake pameandikwa: Limewekwa na Mbithe. Sasa nina ruhusa ya kulibadilisha. Ndengu zinatoka kavu, kijani, safi kabisa. Sijaligusa.

Nakuaga kwa furaha,
kifungua mimba wako