Gari Hili Halipandi Lori

Jumatatu, 6 Julai

Mafabi, mwanangu, wewe ni mjinga. Naandika hapa kwa sababu simu umenikatia.

Asubuhi kama siku zote. Sala, uji, kuwasha gari. Nimevuta choki, kishikio kimebaki mkononi na kipande cha waya. Umekatika. Choki ndiyo inaziba hewa injini ipate petroli nyingi; gari baridi bila hiyo haliwaki, linakohoa tu.

Na Jumamosi ukoo unakutana Wanale kumwombea marehemu mume wangu na kugawa vitu vyake. Gari alinipa mimi, kwa mdomo wake, siku aliyostaafu kazi ya magereza. Mafabi anataka nipande basi, yeye alete lori libebe gari. Namjua. Likishushwa kwenye lori kama maiti, wanaume watalirithi. Nikishuka mimi na ufunguo mkononi, nani atauliza?

Nitaliendesha.

Jumanne, 7 Julai

Mafundi wa magari mjini wamenicheka. Waya wa gari la zamani hivyo haupo. Nimekwenda Mpumudde, hapa hapa Jinja, kwa Isabirye, anayetengeneza boda boda. Ameweka waya wa breki ya pikipiki. Nimevuta, gari limewaka palepale. Akajipiga kifua. Nimempa chai na muhogo.

Jumatano, 8 Julai

Aibu. Moshi mweusi toka nyumbani hadi sokoni. Gomesi yangu, gauni la heshima, inanuka petroli. Gari likazimika mbele ya vijana wa boda boda, na mmoja akapaza sauti: "Jjajja, bibi yetu, unachoma mkaa humo?" Nikamwambia ningechoma mdomo wake, ila hauna nyama.

Nimefungua boneti. Kishikio nimekisukuma ndani, choki bado imeziba hewa. Injini inakunywa petroli kama mlevi. Waya wa breki unajua kuvuta tu. Ukiusukuma unajikunja kama kamba iliyolowa. Kwenye breki kuna springi ya kuurudisha, kwangu hakuna. Ule wa zamani ulikuwa mgumu, unavuta na kusukuma. Isabirye nimemfokea mpaka kuku wake wamekimbia.

Muhogo wangu umepotea bure.

Alhamisi, 9 Julai

Mafabi amepiga simu. Lori linakuja kesho. Naogopa. Basi, nimeliandika neno hilo.

Isabirye naye amerudi, hana haya. Vizuri. Nimemwambia kama breki ina springi, choki nayo itafutiwe yake. Ametoa kadogo, kale kanakovuta swichi ya taa ya breki, akakafunga kwenye kabureta, choki iliko. Sasa choki inarudi. Inarudi mno! Ukiachia kishikio kinaruka ndani, gari linazima. Mungu alinipa mikono miwili, na gia inataka mmoja, usukani mwingine.

Nikatoa kibanio cha nguo kwenye kamba, nikabana waya nyuma ya kishikio. Kimeshika. Isabirye amecheka hadi akakaa chini. Acheke. Gari linanguruma.

Ijumaa, 10 Julai

Lori limekuja. Nimewasha gari mbele ya dereva wake, nikajipikia chai huku linanguruma. Dereva akampigia Mafabi: "Bwana, mama yako amekataa." Ameondoka na lori tupu. Hata chai sikumpa.

Jumamosi, 11 Julai

Nimetoka alfajiri. Kibanio nimekitoa injini ilipopata joto, kabla sijaiacha Jinja. Nikashika njia ya Tirinyi. Moshi hakuna. Malori mawili nimeyapita, nikapiga honi.

Wanale nimesimamisha gari karibu kabisa na hema la wazee. Mafabi akabaki na kikombe hewani. Mzee wa ukoo akauliza dereva yuko wapi. Nikamwambia, "Si unamwona?" Walipofika kwenye gari katika kugawa, mzee akasema, "Hilo lina mwenyewe," akaendelea na mbuzi.

Sikulia. Baadaye kidogo, garini.

Jumapili, 12 Julai

Nimelala kwa Mafabi, Nkoma, chini ya mlima Wanale. Ukungu umefunika mlima. Baridi ya huku inashinda ya Jinja. Mafabi ameosha gari bila kuambiwa, hata magurudumu. Ameniletea chai yenye tangawizi, kama aliyokuwa akiipenda baba yake.

Mkewe amechukua kibanio changu, ameanikia soksi. Soksi zianuliwe leo, kibanio kirudi garini kabla ya chakula cha usiku. Kesho asubuhi naondoka.