Kingo za Kadi ya 1954

Jumanne, 8 Aprili 2025

Salamu, daftari langu. Hujambo tangu Januari? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila goti la kushoto, linalojua mvua kabla ya redio.

Leo nina furaha. Mzee Emmett Stroud, fundi mabasi mstaafu, jirani yangu wa meza kwenye soko la kadi za picha za wachezaji wa besiboli miaka ishirini na miwili, amepata mnunuzi. Kadi yake ya 1954, ile ya mrusha mpira mwenye masikio makubwa. Mimi ndiye niliyemuuzia zamani. Sasa atalipwa dola elfu sita! Anataka kuhamia kwa binti yake Arizona, kwenye joto, kabla theluji haijarudi, na pesa hiyo ndiyo ya kuhamia.

Mnunuzi ni Marisol Tejeda. Ana miaka ishirini na saba, anapiga picha za eksirei hospitalini. Mwaka mzima Emmett ananiambia sisi ndio wa mwisho, tukifa kadi zitakuwa za kuwashia moto. Nikamwambia, haya mzee, hata baba yake huyu binti hakuwahi kumwona mchezaji huyo uwanjani. Mbona anaitaka? Karatasi ile haitachapishwa tena, na mama zetu walizitupa nyingine zote. Bei hushuka, hupanda, kama unga wenye hamira. Kadi za zamani zitabaki. Sina shaka.

Jumatano, 9 Aprili

Marisol amepiga simu. Aliwaza kuipeleka kwanza kwa wapimaji wanaozipa kadi alama, lakini ni miezi miwili ya kungoja. Akasema, Bibi Verna, wewe ukiniambia haijaguswa wala kurekebishwa, inatosha. Nitakuja Jumapili saa nane na pesa.

Nikamwambia haijaguswa. Ilitoka kwa shangazi yangu Stasia ikaingia mkononi mwangu, nilipotimiza miaka kumi. Kadi sita. Marehemu mumewe alizikusanya utotoni.

Ijumaa, 11 Aprili

Kabla ya kwenda kukaanga samaki wa Kwaresima parokiani, nilimpelekea shangazi sahani yake kule kwenye nyumba ya wazee. Nikamsimulia habari za kadi, afurahi.

Akacheka. "Zile takataka? Zilikuwa zimechakaa kingo, zimekunjika pembe. Mtoto hapewi uchafu siku yake ya kuzaliwa. Nilizipunguza zote kwa mkasi wangu wa kushonea. Hukuona zilivyokuwa nadhifu?"

Niliona. Miaka yote nimezisifu kingo hizo mbele za watu.

Parokiani nimeunguza samaki wa trei nzima. Nimerudi nyumbani, nikatoa tano nilizobaki nazo, nikailaza kila moja juu ya kadi ya kawaida ya mwaka uleule. Fupi. Fupi. Zote tano, kwa unene wa ukucha.

Kadi chafu ina bei yake. Iliyokatwa, hata kwa mapenzi, haipati hata robo.

Jumamosi, 12 Aprili

Siku ya soko la kadi, ukumbi wa zimamoto, kabla watu hawajaingia. Emmett alikuwa anatia krimu kwenye kahawa. Nikamwambia yote.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na shangazi."

"Shangazi yako hakumbuki alichokula mchana."

"Na Mungu."

"Mungu hanunui kadi, Verna. Na yule binti anapiga picha mifupa, hapigi karatasi."

Akakoroga ile kahawa mpaka ikamwagika. Kisha akauliza, uliponiuzia ulijua? Nikasema sikujua. Akasema, basi hukudanganya. Na Jumatano pia hukudanganya. Wewe nyamaza tu, dada yangu, hata hilo ni gumu?

Nikamwambia nitaichukua kadi, nimrudishie alichonilipa. Akasema hajaja kuomba sadaka. Saa tano alikuwa amefunga meza yake. Hajawahi kuondoka kabla ya saa tisa, hata mwaka aliofiwa na mkewe.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Katika somo la Mateso, Petro alipomkana Yesu mara ya pili, nilitoka kanisani. Nikasimama barazani na tawi langu kama mtu anayengoja basi.

Nimemwandikia Marisol nikiwa palepale: "Hujambo binti? Mama hajambo? Nilikuambia kadi haijaguswa. Nilikosea. Kingo zilikatwa kwa mkasi zamani, nimejua Ijumaa. Usitoe pesa kwa neno langu la Jumatano. Nijibu mapema, tafadhali."

Emmett nimempigia kumwambia nimetuma. Alikata simu.

Sasa ni saa saba na nusu. Emmett yuko jikoni kwangu. Ameingia bila kubisha, kofia kichwani, kadi mfukoni mwa shati ndani ya plastiki yake. Ameiweka kando ya bakuli la sukari. "Lete rula," akasema. "Kama nitabaki na theluji, nataka nione kwa macho yangu ni kwa ajili ya nini."

Nimekuja juu kutafuta rula. Iko hapa, chini ya daftari. Nimekaa kitandani nikaandika badala ya kushuka, maana nikishuka nitaipima.

Binti akisema bado anaitaka, kwa bei yake halali, nitajua sikukosea habari za kadi za zamani. Akisema haitaki, sijui nitamtazamaje yule mzee.

Emmett anaita kutoka chini: "Verna, rula imepotea, au wewe?"

Simu kimya. Marisol, nijibu upesi.