Kadi ya Shemeji Ina Baridi

Mpendwa Mzee wa Nyaya, shikamoo. Naomba unisaidie, ila nisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunicheka, maana nakujua, wewe unawacheka watu gazetini na wake zao wanakata kipande wanabandika jikoni.

Mimi ni fundi friji, mwaka wa kumi na tisa huu, na kwenye friji simwogopi mtu, ila kuna shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tunaishi naye, anafanya kazi ofisi ya kuchora majengo, na laptop yake inatumia Linux, sio ule mfumo tuliouzoea wengi, sasa picha za majengo zikawa zinaielemea laptop, ndipo akajinyima akanunua kadi ya picha ya nje, yaani boksi kama la viatu, lina feni, lina kebo nene ya kuchomeka kwenye laptop, kazi yake ni kuibebea mzigo wa picha. Akaniuliza, "Shem, wewe si fundi, hili utaliweza?" Na mama mkwe alikuwa amekaa pale pale anamenya vitunguu, sasa Mzee, ungekuwa wewe ungejibu nini. Nikasema niachie mimi, hii ni friji ndogo tu.

Nikachomeka, taa ya buluu ikawaka, feni ikazunguka kidogo ikatulia, kwenye skrini kikaja kidirisha kinauliza eti naliamini hili boksi, nikakifunga, kwa sababu vidirisha vya namna hiyo navijua, ukikijibu kimoja vinakuja ukoo mzima, halafu nikaweka mkono juu ya boksi nikasikia baridi, baridi safi, na mimi miaka yote hii nikiweka mkono nikasikia baridi najua kazi imekwisha, nanawa, naaga. Nikatangaza kwamba limekubali. Mama mkwe akaniita mhandisi, na tangu siku hiyo ananiita mhandisi hata mbele ya muuza mkaa.

Wiki iliyofuata nikaitwa kutengeneza friji kwa mama mmoja anayechapisha mabango, nikaona naye ana boksi kama lile, nikaligusa kwa mazoea tu, likaniunguza vidole. Nikamwambia dada, hili limekufa. Akanitazama kama nimekuja kuiba. "Fundi, hili likiwa kazini linachemka kama pasi. Ukilikuta baridi ujue limelala."

Nilirudi nyumbani nimenywea, Mzee, na huko nikakuta makubwa, shemeji anachora zahanati, picha moja inamchukua tangu asubuhi hadi jioni, na Ijumaa wiki ijayo wenye zahanati wanakuja kuiona, picha isipokuwa tayari siku hiyo, bosi kasema kazi anapewa mwingine, na yeye anadhani kosa ni lake, eti amechora vitu vingi mno, kila siku anapunguza, ameng'oa miti, ameng'oa madirisha ya upande mmoja, jana kang'oa ile njia ya mteremko ya watu wa viti vya magurudumu. Kisha akaniuliza, "Shem, mbona boksi lina baridi hivi?" Nikamwambia nimelifanyia utaalamu wa friji. Akanishukuru. Hapo ndipo nilipoumia. Lakini nikisema ukweli, mama mkwe atalizungumza jambo hili mpaka meno yamtoke. Nifanyeje? Au nilisogeze karibu na jiko, lipate joto kidogo mpaka Ijumaa ipite?

Ni mimi,
Mhandisi wa Mashaka

*

Marahaba, Mhandisi.

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, halafu ndiyo nikacheka, maana hukusema nisicheke baadaye. Hapo pa jiko nilirudia mara mbili nikidhani miwani inanidanganya. Barua yako nimeipitisha mbele ya zote kwa ajili ya hiyo Ijumaa ya shemeji, sio kwa ajili ya uso wako.

Sikiliza. Mimi darasani sikukaa, ila vitu vyenye waya vinanisalimia nikipita njiani. Na hata mimi, na ubingwa wangu wote, niliwahi kupewa spika ya mkutano wa wachuuzi nikasema kama wewe, niachie mimi. Siku yenyewe spika ikagoma. Nikajificha nyuma yake, kila anachosema mwenyekiti mimi nakirudia kwa koo langu, saa tatu nzima, na koo langu la enzi hizo, kuku wa mtaa wa tatu waliacha kutaga. Watu wakaisifu ile spika mpaka basi. Kesho yake wakaniletea nyingine, wakasema itengeneze iwe kama ile. Na mimi nina koo moja.

Lakini mimi niliumiza koo langu. Wewe unamng'olea mtu madirisha. Huyo mgonjwa wa kiti cha magurudumu ataingilia wapi, kwenye sifa zako?

Kwa hiyo leo, sio Alhamisi, mwite shemeji, mama mkwe akiwepo na vitunguu vyake, umwambie: "Shem, boksi hili halijafanya kazi hata siku moja. Mchoro wako hauna kosa." Hayo ya mwisho usiyameze, ndiyo dawa yenyewe. Mama mkwe aseme atakavyo, hutakufa, nimesemwa na mama wakwe wawili na bado nakula vizuri.

Kisha zimeni laptop. Chomekeni kebo, washeni boksi kwanza, laptop baadaye. Kile kidirisha ulichokifukuza kilikuwa kinaomba ruhusa. Laptop ile haiingizi mgeni mpaka mwenye nyumba akubali, na wewe ulimfungia mgeni mlango halafu ukamsifu kwa utulivu wake. Kisiporudi, kitafuteni kwenye mipangilio, upande wa usalama, na akubali shemeji mwenyewe kwa nywila yake. Halafu aweke draiva ya kadi, ile programu inayoifundisha Linux kuongea nayo, inayolingana na jina lililoandikwa ubavuni mwa kadi. Azime, awashe tena. Bado hamjamaliza. Afungue programu yake ya kuchorea, aiambie itumie kadi ya nje, maana isipoambiwa itaendelea kumtwisha mzigo yule mnyonge wa ndani, kadi ndogo ya laptop yenyewe, huku boksi linapepewa na feni yake. Hapo mimi mwenyewe nilikwama siku mbili, na ukimwambia mtu nitakana. Mkikwama na nyinyi, mwitie shemeji yule mama wa mabango, na huo uhandisi uuache mlangoni.

Mkono wa kupima usiwe wako. Mkono wako una miaka kumi na tisa ya kupenda baridi, kwenye kazi hii hauaminiki. Aweke yeye, picha ikiwa inachorwa. Likimuunguza, arudishe kwanza ile njia ya mteremko, halafu madirisha, miti ije mwisho. Mama mkwe atakuwa na mhandisi wa kumwita, na safari hii atakuwa mhandisi wa kweli, shemeji yako.

Wewe utaitika fundi friji, na ni jina zuri. Friji yangu hapa inachemka kama pasi. Pita Jumamosi uiguse, na usije ukaniambia inafanya kazi.

Mzee wa Nyaya