Plagi ya Nne

Baba,

Nimekaa kwenye kiti cha dereva cha gari lako, mlango wazi, mguu mmoja nje, daftari nimeliegemeza kwenye usukani. Ni Jumamosi asubuhi. Hapa mtaani Tena nguo zimeanikwa kila mahali, na jirani wa chini amefungulia redio kwa sauti ile ile uliyokuwa ukiilalamikia. Mikono yangu ni michafu na karatasi imeshaingia alama za vidole. Usinigombeze. Wewe ulikuwa unakula mkate kwa mikono michafu kuliko hii.

Nina jambo la kukuambia na sijui pa kulianzia, kwa hiyo nitaanzia mtaa wetu wa zamani, Lucky Summer, siku uliyonifundisha plagi.

Nilikuwa na miaka tisa. Ulikuwa umetoka zamu kiwandani kule Baba Dogo, na badala ya kupumzika ukafungua boneti. Mkeo, mamangu, akapaza sauti kutoka dirishani, "Baba Nasimiyu, hiyo gari itakuoa!" Ukacheka, kisha ukaniita. "Mama, kuja ushike hizi." Uliniita Mama tangu nizaliwe, kwa sababu nilipewa jina la mamako, kukhu Nasimiyu, na kwetu binti akibeba jina hilo basi ni mama wa babake. Shuleni walinicheka, eti babangu ananiita Mama. Walinicheka wakachoka. Mimi nilijiona mtu mkubwa.

Ulinipa kifuniko cha sufuria nikishike kama sinia. (Mkeo alikitafuta kifuniko hicho wiki nzima, na sote wawili tukanyamaza.) Ukazitoa plagi moja moja, ukaziweka kwenye kifuniko kwa mpangilio. "Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Usizichanganye, kila moja ina habari za nyumba yake." Ukanifundisha kuzisoma. Ncha ikiwa na rangi ya biskuti, injini inakula vizuri. Ikiwa nyeusi tititi kwa masizi, petroli inaingia nyingi kuliko hewa. Ikiwa imelowa oili, uombe Mungu, maana hiyo ni kazi ya kufungua injini. Na ikiwa nyeupe kama chaki, inaungua, kuna joto ambalo halipati pa kutokea.

Ukafunga tatu mpya. Ya nne ukaniwekea kiganjani. "Ya nne ni ya Mama," ukasema. Kwa vidole kwanza, polepole, mpaka ikatae yenyewe, kwa sababu ukianza na spana na imeingia upande, utaharibu nyuzi za injini na utalia. Ikishakataa, sasa spana, nusu mzunguko, basi. Sikuwa na nguvu za nusu mzunguko. Ukaweka mkono wako juu ya wangu, tukazungusha pamoja, nikasikia ile plagi ikikaa. Mpaka leo nikikumbuka, nasikia kwenye kifundo cha mkono.

Ikawa sheria. Iwe nina mtihani, iwe nina hasira na wewe, plagi zikibadilishwa, tatu ni zako na ya nne ni yangu. Hata mwaka ule tuliohamia Tena, nikiwa na miaka kumi na sita na sitaki kuonekana na wewe mbele ya watu, ulikuwa unafunga tatu kisha unasimama tu kando ya gari, mikono kiunoni, unaangalia juu kwenye balkoni yetu mpaka nishuke. Majirani nao wanaangalia juu. Aki baba, ulikuwa na maringo.

Watu walikuwa wakija kukuuliza, mzee, plagi zibadilishwe lini? Ulikuwa unalipenda swali hilo kuliko chai. Za kawaida, ulisema, kila kilomita elfu ishirini, tuseme elfu ishirini na tano ukijisikia jasiri. Kitabu cha gari kinaweza kukupa zaidi, lakini kitabu hakijawahi kukaa kwenye jam ya Jogoo Road. Zile za kisasa zenye ncha nyembamba kama sindano zinadumu mara kadhaa zaidi, na hizo usiguse kwa msasa, utaziua. Ubadilishe injini ikiwa baridi. Na zote nne ziende pamoja, usimwache mmoja nyuma. Kisha unainua kidole. "Lakini usihesabu kilomita tu. Sikiliza. Asubuhi ikichelewa kuwaka, ikitetemeka ikiwa imesimama, ikikosa nguvu kwenye mlima, ikianza kunywa petroli kama mlevi, hiyo inakuambia kitu. Usingoje kilomita." Halafu ulikuwa unaandika kilomita za siku hiyo kwenye kipande cha tepu ya karatasi na kukibandika chini ya kile kifuniko cheusi cha plastiki kilicho juu ya injini, mahali ambapo hakuna anayepaona mpaka aje kubadilisha plagi tena. Nilikuuliza kwa nini usikibandike mahali pa wazi. Ukasema waosha magari watakibandua.

Mwaka huu tulikuzika nyumbani, kando ya kukhu. Baada ya matanga nguo zako zikagawanywa, kama desturi inavyotaka. Koti la mvua likaenda kwa baba mdogo. Kofia, mkanda, hata ule mswaki wa kusugulia viatu. Nilisimama uani nikamwona mpwa wako akivaa viatu vyako vyeusi, akavifunga kamba, akatoka langoni navyo. Najua ndivyo inavyofanywa, na alikupenda sana, wewe na viatu vyako. Lakini nilitamani kumkimbilia nimvue. Viatu vya babangu vilikuwa vinatembea na wewe hukuwemo.

Niliporudi Nairobi sikuwa na kitu chako ila gari, na gari lilikuwa limeshikwa na kila mtu, hadi kanisani wakiliazima. Ndipo nikakumbuka plagi. Wiki mbili kabla hujalazwa ulizibadilisha mwenyewe, ukiwa umeshadhoofika. Kwa hiyo ndani ya injini kulikuwa na vitu vinne ulivyovikaza kwa mkono wako na hakuna aliyevigusa tangu siku hiyo. Nilijiambia, hivi havigawanywi.

Siku uliyozibadilisha ndiyo ile uliyoniita nikasema nakuja. Unaikumbuka. Nilikuwa juu, nimelala kitandani, simu sikioni, napanga na rafiki yangu sare za harusi ya watu wengine. Ukaniita kutoka chini, "Mama!" Nikasema, "Nakuja, baba." Baadaye ukaniita tena, na sauti yako ilikuwa ndogo, nikasema tena nakuja. Ulipopanda ngazi ulikuwa umeshanawa mikono. Nikakuuliza, umemaliza? Ukasema, "Hakuna haraka, Mama," ukaenda kulala. Nikaona umejifungia zote nne. Hata nilifurahi, kusema kweli. Nilirudi kwenye simu.

Na siku tuliyokupeleka hospitali, mimi nikiendesha, wewe kando yangu umejifunika blanketi, ulifumbua macho tukiwa tumesimama kwenye taa. Gari lilikuwa linatetemeka kidogo, na chini kwa chini kuna kisauti, tsi, tsi, tsi. "Unasikia hiyo?" ukauliza. Nikasema ni barabara tu, baba, lala. Barabara gani, na tulikuwa tumesimama? Ukasema sawa.

Miezi saba imepita na kile kisauti kimekuwa kikubwa. Gari linawaka kwa shida, linatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinaninyima sura yangu. Njoro, yule fundi wako wa pale Umoja, alilisikia nikipita tu. "Siste, hii gari inamisi. Plagi moja ama mbili hazichomi. Tubadilishe." Nikamwambia hapana, babangu alizibadilisha mwenyewe, haijafika hata kilomita elfu nne. Nikampigia hesabu zako. Elfu ishirini, Njoro! Akaniangalia. "Mzee alikuwa anasema pia usikilize," akasema. Nikafunga kioo nikaondoka. Nilikuwa nimekasirika sana, na sikujua nimemkasirikia nani.

Mkeo naye, kutoka nyumbani, kila tukiongea anauliza gari. Juzi nikalia kwenye simu nikamwambia siwezi kuruhusu mtu azitoe, ni za mikono ya baba. Akasema, "Mwanangu, mimi nililala na hiyo mikono miaka thelathini. Haiko kwenye injini." Mkeo hajui kubembeleza, ulimwoa hivyo hivyo. Jana Njoro akaniambia bila kuzunguka kwamba petroli isiyochomeka inapita na kuharibu injini yenyewe, na nikiendelea hivi hadi mwisho wa mwezi sitakuwa na plagi wala gari. Ningekupoteza mara mbili, na mara ya pili kwa ukaidi wangu. Nikanunua nne mpya. Nikamwomba aje asimame tu, asiguse.

Leo asubuhi nimefungua boneti injini ikiwa baridi. Nimefuta vumbi. Nimeng'oa kile kifuniko cheusi, nikakigeuza, na pale kulikuwa na tepu zako zote, mwandiko wako ukipungua nguvu mwaka hadi mwaka. Ya mwisho ilikuwa imeandikwa kwa herufi zinazotetemeka. Kilomita, na chini yake: *Ya nne nimeishikiza kwa vidole tu. Mama atakaza.*

Nilisoma nikiwa nimesimama. Nikasoma tena. Njoro akaniuliza kama niko sawa, nikachukua spana.

Nilianza na ya kwanza, kwa sababu sikujua la kufanya lingine. Ilikataa, nikaweka uzito wote kwenye spana ndipo ikaachia, na nikasikia jinsi ulivyoikaza. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ikaachia kwa urahisi kidogo, nguvu zilikuwa zinakuishia. Nikazipanga kwenye kile kile kifuniko chetu cha sufuria. Zote tatu, baba, rangi ya biskuti. Nzima kabisa. Halafu nikaifikia ya nne, na sikuhitaji spana. Ilitoka kwa vidole, kama ilivyoingia. Ncha yake nyeupe kama chaki, shingo imezungukwa na masizi ya moto uliokuwa ukivuja miezi saba. "Ni hii tu," Njoro akasema polepole. "Haikuwa imekazwa. Hizi zingine ziko fiti, rudisha."

Miezi saba nimezilinda plagi nne za mikono yako, na zilikuwa tatu. Ya nne ilikuwa yangu na ndiyo iliyokuwa ikilia. Ulisikia, kwenye ile taa, na ulijua ni ipi. Ungeweza kuniambia. Ungeweza kusema, Mama, hukuja, na ningestahili. Ukasema sawa, ukafumba macho. Sijui ulifanya hivyo kwa kunionea huruma au ulikuwa umechoka mno, na nimekaa hapa muda wote huu nikijiuliza, na hakuna jibu litakalonifaa. Nilikuacha umesimama chini, mgonjwa, ukiangalia juu kwenye balkoni, mimi nikichagua rangi za sare. Nisamehe. Nimelisema kwa sauti humu ndani ya gari na jirani ameniangalia.

Sikuzirudisha zile tatu. Zote nne ziende pamoja, ulisema. Nimezifunga kwenye soksi yako kuukuu iliyobaki kwenye buti la gari na kuzirudisha humo, kama ulivyokuwa ukiweka za dharura, na hakuna atakayegawiwa. Nimefunga mpya, moja, mbili, tatu. Ya nne nikaishika muda mrefu. Njoro akageuka akajifanya anaangalia tairi, Mungu ambariki. Kwa vidole, polepole, mpaka ikakataa. Kisha spana, nusu mzunguko. Ilikaa, baba. Nilisikia ikikaa, na mkono uliokuwa juu ya spana ulikuwa wangu peke yangu.

Nikawasha. Likawaka mara moja, likatulia, kioo cha pembeni kikasimama. Hapo ndipo nilipolia hasa. Nimeizoea ile tsi tsi tsi miezi yote hii, na kumbe ni wewe uliyekuwa bado unaniita.

Nimeandika kilomita za leo kwenye tepu mpya, nikaibandika chini ya yako. Nimeongeza maneno matatu: *Ya nne imekazwa.* Sasa nafunga boneti, kisha nitanawa, kisha nitampigia mkeo.

Uliniambia hakuna haraka. Ilikuwepo, baba. Ungeniambia tu, ningeshuka zile ngazi bila viatu.

Pumzika sasa, nimeshuka.

Ni mimi bintiyo,
uliyeniita Mama